Jibu la fundi: Hereni zangu za vito zinakuwa nyeusi usiku, nimekosea wapi?

Swali la msomaji: Shikamoo mama. Nina miaka 29, naishi Mombasa. Kwa miaka minne nimekuwa nikitengeneza hereni za shanga na shaba na kuwauzia shoga zangu na majirani. Mwaka huu nimejitosa kwenye vito vya rangi. Jozi ya kwanza nilitumia rodolaiti mbili za karati 4 kila moja, sonara akanitengenezea vikombe vya fedha vilivyozibwa nyuma. Mchana zilikuwa na rangi ya zambarau mbivu, kila aliyeziona alizisifu. Mteja akaenda nazo kwenye kupamba usiku, na kesho yake akazirudisha. Ati zinaonekana kama vifungo vyeusi vya koti, na masikio yamemuuma. Nimekosea wapi? Na nianze na mawe gani ili nami siku moja nijulikane kwa rangi? Kuna mtu ananiuzia pakiti ya rubi za Msumbiji kwa bei ya kutupa. Nina akiba ya shilingi 60,000 na nataka kuzichukua zote.

Marahaba, mwanangu. Hizo rubi ziache kwanza. Sababu nitakueleza huko mbele, lakini nimeona niseme mapema usije ukasoma nusu ya barua hii na kutuma pesa.

Sasa turudi kwa vifungo vya koti. Mteja wako hakukuonea. Wewe ulilitazama jiwe mezani, karibu na dirisha, umelishika kwa vidole viwili na jua la asubuhi linalipiga. Yeye alilivaa pembeni ya shingo, chini ya nywele, ukumbini, usiku. Pete huzunguka na mkono ikitafuta mwanga, na mvaaji mwenyewe huinyanyua kuitazama. Hereni haina bahati hiyo. Inaning'inia kivulini, taya upande mmoja na nywele upande wa pili, na mvaaji haioni kabisa, wanaoiona ni wengine walio hatua mbili tatu mbali. Tena kwa wateja wako wa Mombasa jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa wangu wa Arusha. Mchana hereni zao zimo ndani ya mtandio. Zinatoka pale kwenye shughuli za wanawake, buibui likishavuliwa, chini ya taa za umeme. Hiyo ndiyo saa ya kazi ya hereni zako, na kila jiwe unalonunua unapaswa kulinunua kwa ajili ya saa hiyo.

Rodolaiti ni ganeti nzuri (ganeti ni jamii ya vito yenye rangi nyingi) na wala si ghali sana, lakini ina rangi nzito. Fikiria strungi. Ukiimimina kidogo kwenye bilauri inakuwa rangi ya asali, ukichungulia ndani ya birika ni nyeusi, na chai ni ileile. Mwanga unaoingia kwenye jiwe dogo husafiri njia fupi kabla ya kurudi machoni, na kwenye jiwe kubwa husafiri njia ndefu, kila milimita inaunywa kidogo. Rodolaiti ya karati 1 inaweza kuwaka, na ya karati 4 kutoka shimo lilelile ikalala. Ungenunua nne ndogo kwa pesa ya hizo mbili, zingekupa rangi zaidi.

Lakini usiulaumu ukubwa peke yake. Kuna mambo mengine matatu ninayoyashuku, na yote unaweza kuyakagua leo jioni.

La kwanza ni ukataji. Liweke jiwe chali juu ya gazeti, uso wake ukikutazama wewe. Ukiweza kusoma herufi kupitia katikati yake, hilo lina dirisha: tumbo lake limekatwa bapa mno, mwanga unapita moja kwa moja badala ya kugeuka na kukurudia. Sikioni utaona ngozi, au ukuta wa kikombe, mahali ambapo ungetaka kuona rangi. Kinyume chake ni jiwe lenye tumbo refu kama pia ya kuchezea watoto, ambalo wakataji wengi wa huku hulipenda kwa sababu karati hazipotei. Hilo hubeba weusi pembeni na usoni. Ukiuziwa kwa uzito, unalipia tumbo ambalo hakuna atakayeliona.

La pili ni hivyo vikombe vilivyozibwa. Mafundi wa zamani waliziba nyuma ya vito kwa makusudi, lakini ndani waliweka karatasi ya fedha au dhahabu nyembamba sana ili mwanga ugonge na kurudi. Mafundi wa Kihindi bado wanafanya hivyo kwenye kazi ya kundan, na bila shaka umeiona shingoni na masikioni mwa maharusi wa Mombasa. Kikombe kilichozibwa bila ile karatasi ni jiwe kulitia kisimani. Na hata ukiiweka, maji yakiingia nyuma karatasi hubadilika rangi na kazi imekwisha. Kwa vito vinavyopitisha mwanga, acha nyuma wazi. Faida nyingine ya kuacha wazi ni usafi. Mafuta ya nazi, losheni na moshi wa udi hujenga utando nyuma ya jiwe, na utando huo hufifisha rangi kuliko hata uchafu wa mbele. Jiwe lililo wazi nyuma mteja ataliosha mwenyewe kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Lililozibwa ataliona linafifia mwezi hadi mwezi, na lawama zitarudi kwako.

La tatu ni kuinama. Mwambie mtu azivae, kisha umtazame kwa ubavu. Naweka dau kwamba nyuso za mawe zinatazama sakafu. Hii hutokea kijiti cha kupita sikioni kinapolehemiwa katikati ya hereni au chini ya katikati. Uzito wote unaegemea mbele, ndewe inakunjika, na jiwe linapoinamia chini linaakisi zulia badala ya taa. Kijiti kikae kwenye theluthi ya juu ya hereni, na kipepeo cha nyuma, kile kinachokaza kijiti, kiwe kipana, kile kidogo cha bei rahisi kinazama ndani ya ngozi. Kosa hili ni dogo kuliko yote na linaharibu kazi nyingi kuliko yote. Nimeona hereni za bei ya pikipiki zikiwa zimeinama hivyo.

Kuhusu maumivu, tupige hesabu kidogo. Karati 1 ni gramu 0.2. Jiwe lako la karati 4 lina gramu 0.8, hata gramu moja halifiki. Kwa hiyo kilichomuumiza mteja ni fedha, jiwe halihusiki. Ipime hereni yote kwenye mizani ya sonara, sitashangaa ikifika gramu 9 au 10. Na ungetengeneza umbo hilohilo kwa dhahabu ya karati 18 (hapo karati ni usafi wa dhahabu, si uzito) uzito ungekuwa kama mara moja na nusu ya huo. Mpaka wangu mimi, baada ya miaka mingi ya kurudishiwa kazi, ni gramu 3 kwa sikio kwa hereni ya kuvaa kutwa, na gramu 5 kwa ya shughuli. Ukizidisha hapo mteja atazivua kabla ya chakula kuletwa, azitie kwenye pochi, na hakuna atakayemuuliza kazinunua wapi.

Hapo namkumbuka bibi yangu, Tanga. Katika picha moja ya zamani ana majasi masikioni, yale ya karatasi za rangi zilizoviringishwa zikaingia kwenye matundu ya ndewe, juu yake vipuli vidogo vya fedha ukingoni mwa sikio. Karatasi! Mtu anaona duara la rangi kutoka ng'ambo ya barabara, na sikio halibebi chochote. Kule Paris kuna fundi mmoja, Joel Arthur Rosenthal, Mmarekani wa New York anayejulikana kwa herufi JAR. Alifungua duka lake Place Vendôme mwaka 1978, duka lisilo na dirisha la maonyesho, na mwaka 2013 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilimfanyia maonyesho makubwa akiwa bado hai, heshima ambayo sonara huipata kwa nadra. Kati ya mambo yanayomtambulisha ni kutumia metali nyepesi kama titani na aluminiamu ili hereni iwe kubwa bila kuvuta sikio, na kuyafanya metali yawe meusi kuzunguka vito ili rangi iruke mbele. Ukiniuliza mimi, huyo na bibi yangu walikuwa na wazo moja. La kuifanya fedha iwe nyeusi unaweza kulijaribu kesho, dawa yake haimpigi chenga sonara yeyote. Kito chenye rangi ya kati kikizungukwa na fedha nyeupe inayometa, jicho linakimbilia fedha. Kikizungukwa na weusi, halina pa kwenda ila kwenye kito.

Mawe gani basi? Nitakuambia ninayoyatumia mimi, na una bahati kwamba mengi yanatoka mashimo yaliyo karibu nawe.

Kwa hereni, nipe tsavoraiti kabla ya zumaridi siku zote. Ni ganeti ya kijani. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliipata kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata tena upande wenu, Taita, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikaitangaza kwa jina lililotokana na Tsavo. Haipikwi wala haipakwi mafuta, inatoka ardhini na rangi yake. Zumaridi nyingi zimejazwa mafuta kwenye nyufa, na mteja akiziosha mara kwa mara kwa maji ya moto na sabuni kali, nyufa zinajitokeza. Tsavoraiti safi inayozidi karati 2 ni nadra na bei yake hupanda kwa kuruka, ila wewe huihitaji. Kijani chake kinabaki hai hata kwenye jiwe la milimita 3, ambalo ni sehemu ndogo tu ya karati. Hayo madogo ndiyo yanayobaki kwenye bakuli la mkataji na wanunuzi wakubwa hawayataki. Yachukue.

Spineli ya Mahenge ni jiwe ninalolipenda mpaka wenzangu wananicheka. Mwaka 2007 pale Ipanko, wilaya ya Ulanga, walichimbua fuwele kubwa za ajabu, moja ilikuwa na kilo 52. Sehemu kubwa ya fuwele hizo haikuwa safi, lakini vipande vilivyofaa kukatwa vilitoa waridi linaloelekea nyekundu, rangi ambayo sokoni ilikuwa haijazoeleka. Kromiamu iliyomo ndani yake hufanya jiwe liwe kama lina kaa la moto tumboni, kwa hiyo ukumbini halilali. Ugumu wake ni 8 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe ambacho almasi ndiyo 10. Bei imepanda mno tangu hapo. Anza na vipande vya chini ya nusu karati, na vile vyenye waridi jepesi ambavyo wanunuzi wa nje wanaviruka.

Tanzanaiti utaulizwa kila siku, kwa hiyo ijue vizuri. Nyingi zinatoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia na kupikwa kwenye tanuri mpaka ukahawia uishe, jambo la kawaida ambalo wala si la kuficha. Ni jiwe laini kiasi, ugumu wake 6 na nusu hivi, na linapasuka kirahisi likigongwa upande wake dhaifu. Ndiyo maana huwa nasikitika nikiliona kwenye pete ya mama anayepika na kufua. Sikioni hakuna sinki wala mlango wa gari, hapo ndipo nyumbani kwake. Ila angalia taa: chini ya balbu ya njano inasogea kwenye urujuani, chini ya taa nyeupe inabaki buluu. Mwonyeshe mteja yote mawili kabla hajalipa. Na usiiogeshe kwenye mashine ya mtikisiko, wala usiisogeze karibu na moto wa kulehemu. Mwaka wangu wa tatu wa kazi kijiti cha hereni moja kiling'oka, nikaona uvivu kulitoa jiwe, nikalifunika kwa pamba mbichi na kupiga moto upande wa nyuma sekunde chache. Nilisikia "tik", sauti ndogo kama mchwa akitafuna mbao. Nilipoondoa pamba kulikuwa na ufa uliotoka pembe hadi pembe, mweupe kama uzi. Jiwe lilikuwa la mteja. Nililipa miezi mitano.

Halafu kuna bonde la Umba, mkoani kwetu Tanga. Mto wenyewe unatoka Usambara na kuingia baharini upande wenu, karibu na Vanga. Safaya zinazotoka huko zina rangi karibu zote unazoweza kuzitaja: njano ya haradali, chungwa lililofifia, kijani cha chupa, buluu ya moshi, zambarau, na nyingine zinabadilika rangi ukizitoa juani na kuzipeleka kwenye balbu. Si rangi kali, na ndiyo maana ni rahisi kuliko safaya za buluu. Hukohuko katika miaka ya 1960 watu waliokuwa wakitafuta rodolaiti walipata ganeti ya rangi ya pichi, kati ya waridi na chungwa. Wanunuzi wakaikataa kwa sababu haikuwa na jina kwenye vitabu vyao, na mabroka wakaipachika jina: malaya. Jina limeganda mpaka leo, na Wazungu sasa wanaitafuta kwa udi na uvumba, wanaiandika "malaia" kulainisha kidogo. Mimi kwenye kadi ya bei naandika "ganeti ya Umba". Siwezi kumwambia mama wa watu, mbele ya wakweze, kwamba amevaa malaya.

Jambo moja zaidi la kununua kwa karati. Mawe hayalingani uzito. Safaya ya duara ya milimita 6 ina karibu karati 1, amethisti ya kipimo hichohicho ina kama robo tatu. Sikioni watu wanaona milimita, karati hawazioni. Nenda kwa muuzaji na kipimo cha milimita, na umwambie unataka uso wa kiasi gani.

Kinachowashinda wabunifu wengi wa hereni, na wewe hukukiuliza kwa sababu bado hakijakukuta, ni jozi. Kupata jiwe moja zuri ni kazi ya siku moja. Kupata la pili linalolingana nalo kwa rangi, ukubwa, umbo na kina inaweza kuwa kazi ya mwaka, na muuzaji anajua. Jozi iliyolingana inauzwa ghali kuliko mawe mawili hayohayo yakiwa mbalimbali. Njia ya kwanza ya kulikwepa hilo ni kununua jiwe ghafi moja refu na kumwambia mkataji alipasue mara mbili. Yatakuwa yametoka tumbo moja na rangi itafanana bila ubishi. Njia ya pili ndiyo nakusihi uijaribu. Acha kutafuta mapacha, tafuta ndugu.

Unaijua leso. Inauzwa doti, vipande viwili, na kila kipande kina mji katikati na pindo pembeni. Sasa ichukulie hereni yako hivyo. Jiwe la kati ni mji, mawe madogo yanayolizunguka ni pindo. Kama mapindo ya hereni zote mbili ni yaleyale, tuseme tsavoraiti ndogo kumi kila upande, basi miji inaweza kutofautiana: kulia safaya ya haradali, kushoto ya chungwa. Jicho linaona doti moja. Ama geuza, miji ifanane na pindo lipandishwe rangi, kutoka waridi jepesi hadi zabibu, upande mmoja likianzia juu na mwingine likianzia chini. Mawe ya Umba kama yameumbwa kwa kazi hii. Utayapata rahisi kwa sababu hayana wenza, na kasoro hiyo wewe utaifanya kuwa mtindo wako. Wabunifu wengi waliojipatia jina kwa hereni za rangi, huku na ughaibuni, hujulikana kwa namna wanavyokalisha rangi mbili tatu pamoja. Mtu anaona jozi sikioni mwa mgeni na kusema "hiyo ni ya fulani" kabla ya kuuliza jiwe ni gani. Kwa hiyo usikimbilie mawe kumi. Chagua matatu, kaa nayo mwaka mzima.

Kabla hujanunua lolote, lipime sikioni. Chukua nta ya nyuki kidogo, libandike jiwe kwenye ndewe yako, simama hatua mbili kutoka kwenye kioo, usiku, taa ikiwa juu. Likiwa jeusi hapo, litakuwa jeusi ukumbini. Muuzaji akikukatalia kuondoka na jiwe, nenda dukani kwake saa moja jioni badala ya saa nne asubuhi. Wauzaji wazoefu hukukalisha dirishani kwa sababu wanazojua wao.

Sasa rubi. Msumbiji ina rubi nzuri sana, tangu mgodi wa Montepuez ulipoibuka mwaka 2009 zimejaa duniani kote. Ila rubi safi haiuzwi kwa pakiti kwa bei ya kutupa, wala Msumbiji wala Mogok, kule Myanmar kwenye rubi za sifa. Zinazouzwa hivyo mara nyingi ni mojawapo ya aina mbili. Kuna za maabara, ambazo Mfaransa Verneuil alitangaza namna ya kuzitengeneza kwa moto mwaka 1902, kwa hiyo hata rubi iliyo kwenye pete ya urithi wa bibi inaweza kuwa ya kiwandani. Na kuna za kujazwa kioo: jiwe la kweli lakini lenye nyufa tele, likasafishwa kwa asidi kisha likanyweshwa kioo chenye risasi mpaka nyufa zikafichika. Biashara hii ilienea katika miaka ya 2000. Hizo ndizo zinazoniogopesha kwa ajili yako, maana zinapita kipimo cha kuuliza "ni rubi kweli?" Ndiyo, ni rubi, ila imeshikiliwa na kioo. Sonara akiisogeza karibu na moto, kioo kinatoka jasho. Akiitumbukiza kwenye asidi ya kusafishia fedha, nyufa zinarudi. Hata maji ya limau yanaweza kuila. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, ligeuze jiwe polepole chini ya taa. Ukiona mmweko wa buluu unaopita ndani ya ufa, au mapovu yaliyolala bapa, lirudishe kwenye pakiti na uage kwa adabu.

Hiyo lenzi ndiyo kitu cha kwanza cha kununua kwa akiba yako. Cha pili ni mizani ndogo ya karati, cha tatu kipimo cha milimita. Ujifunze kutazama kabla ya kuwa na vitu vya kutazama. Kwa jiwe lolote la bei, peleka kwa mtaalamu wa vito mwenye vifaa. Kwenu kuna kituo cha vito Voi, huku Arusha tuna Kituo cha Jemolojia cha serikali. Na karatasi: sheria ya madini ya Kenya ya mwaka 2016 inamtaka mfanyabiashara wa madini awe na leseni, basi mwombe huyo wa rubi akuonyeshe yake, utaona atakavyobadilika uso. Ukija kununua Tanzania, nunua kwa mwenye leseni, chukua risiti na vibali vya kutoa mawe nchini kabla hujafika Horohoro. Mawe yasiyo na karatasi kwenye pochi yanaweza kuchukuliwa mpakani, na hakuna utakayemlilia.

Bei sitaikalia sana. Andika kila kitu: vito, fedha, malipo ya sonara, kisanduku, nauli. Ongeza saa zako mwenyewe kwa kiwango ambacho ungemlipa mtu mwingine, kisha kiasi cha mawe yatakayovunjika, maana yatavunjika. Juu ya hapo weka faida. Mfano wa hesabu tu: vitu na sonara vikila 8,000, saa zako 2,500, mawe ya kuvunjika 1,000, jozi imekugharimu 11,500 kabla hujapata senti ya faida. Wengi wanaotoka kwenye shanga huuza hapo wakidhani wamepata. Ukija kuingiza mali dukani kwa watu, mwenye duka naye atataka lake, kwa hiyo nafasi hiyo iache tangu mwanzo.

Imebaki ile jozi iliyorudi. Mrudishie mteja pesa yake yote, bila maneno, na mwambie utamtengenezea nyingine aione usiku kabla ya kulipa. Mawe yatoe kwenye vikombe, fedha iyeyushwe itumike tena. Rodolaiti moja mpelekee mkataji mzuri. Mafundi wa kale, ganeti ikiwa nyeusi mno, waliichimba tumbo kwa nyuma ikabaki kama kijiko, na rangi ikafunguka. Wako anaweza kufanya hivyo, au kulipasua jiwe yakapatikana mawili mapana na membamba. Utapoteza karibu nusu ya uzito, na jozi itakuwa imejipatia yenyewe. Jiwe la pili usiliguse. Liweke kwenye meza yako ya kazi, na kila siku utakayoletewa rodolaiti mpya, libandike hilo ndewe ya kushoto na jipya ndewe ya kulia, taa ikiwa imewashwa.